Mbwa Anayekimbia Mkasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, jijini New York, kulikuwa na mtoto ambaye vitabu vya saikolojia vinamtaja kwa jina moja tu, Peter. Hakuwa ametimiza miaka mitatu, na hakuweza kukaa chumba kimoja na sungura. Akimwona sungura, analia. Akimwona panya mweupe, analia. Hata koti la manyoya na bonge la pamba vilimtia kiwewe. Mwanasaikolojia kijana, Mary Cover Jones, akaamua kujaribu kumwondolea hofu hiyo. Hakumshikisha sungura kwa nguvu, wala hakumhubiria kwamba sungura hang'ati. Alimketisha kwenye kiti chake kirefu, akampa chakula alichokipenda, na Peter alipokuwa anakula kwa raha, sungura akaletwa ndani ya tundu na kuwekwa mbali, umbali ambao haukumkatisha mlo. Siku nyingine tundu likasogezwa kidogo. Siku nyingine, kidogo tena.

Mambo hayakufika hapo moja kwa moja. Kabla ya njia hiyo ya chakula Peter alikuwa ameanza kuzoea kwa njia nyingine, kisha akaugua, akalazwa hospitalini. Siku ya kutoka, alipokuwa akiingia kwenye teksi pamoja na mwuguzi, mbwa mkubwa akawarukia, na hofu yote ya zamani ikamrudia. Hapo Jones akaanza upya, mara hii kwa chakula. Mwishowe Peter alimwachia sungura amgugunegugune vidole, naye haoni tabu. Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1924.

Karne moja baadaye, njia hiyo ndiyo inayotumiwa na madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa kutibu moja ya hofu zinazosumbua sana nyumba zenye mbwa: hofu ya kukatwa kucha. Mbwa anayelinda ua mzima bila kutetereka, anayewakimbiza wezi na nyani, huingia uvunguni mwa gari mara aonapo mkasi mdogo wa kucha. Wenye mbwa hucheka, kisha hukasirika, kisha huita watu wa kumshika. Hapo pa kuita watu wa kumshika ndipo hofu inapokomaa.

Ili kuielewa hofu hiyo, inafaa kuanza na ukucha wenyewe. Ukucha wa mbwa umeundwa kwa keratini, kitu kile kile kinachounda pembe ya ng'ombe na kucha za binadamu. Tofauti ni kwamba ndani ya ukucha wa mbwa mna nyama hai, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoteremka kuelekea ncha. Mbwa mwenye kucha nyeupe humrahisishia kazi mkataji, kwani nyama hiyo huonekana kwa nje kama kivuli cha waridi. Kwenye kucha nyeusi haionekani kabisa. Mkasi ukiigusa, damu hutoka nyingi kuliko mtu anavyotarajia, na maumivu yake ni makali. Mbwa aliyeumizwa hivyo mara moja tu anaweza kuikumbuka siku hiyo miaka mingi.

Kwa kawaida mbwa ana kucha 18: nne kwenye kila mguu zinazogusa ardhi, na moja ya kidole gumba kwenye kila mguu wa mbele, iliyopanda juu kidogo. Hizo za gumba ndizo zinazosahaulika. Kwa kuwa hazigusi chini, hazisagiki. Hukua zikijikunja, na zikiachwa sana huzunguka na kuchoma nyama ya mguu ule ule zilikoota. Kidonda cha namna hiyo hufichwa na manyoya mpaka usaha uanze kunuka.

Si kila mbwa anahitaji mkasi. Mbwa wa kijijini anayeshinda akizunguka kwenye changarawe na barabara za vumbi, kucha zake husagika zenyewe, na mwenyewe anaweza kumfuga hadi uzee bila kuwaza jambo hili, ila zile za gumba. Wanaohitaji kukatwa ni wale wanaoishi kwenye vigae na zulia, wanaofungiwa bandani mchana kutwa, wanaokaa ghorofani, na wazee ambao hawatembei tena sana. Kipimo cha haraka ni masikio: mbwa akipita sebuleni na kila hatua inalia ta-ta-ta juu ya vigae, kucha zimezidi. Kucha ndefu huvisukuma vidole juu na kubadilisha namna mbwa anavyokanyaga. Kwa mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma, hilo lina maana ya kuteleza, kuanguka na kushindwa kuinuka. Kucha ndefu pia hunasa kwenye wavu au kwenye zulia na kung'oka.

Kuna jambo moja linalowapa matumaini wenye mbwa ambao kucha zao zimeachwa muda mrefu. Ile nyama hai hurefuka pamoja na ukucha, lakini ukucha ukipunguzwa kidogo kila baada ya wiki moja au mbili, nayo hurudi nyuma taratibu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumaliza kazi siku moja. Kwa mbwa mwoga, kutaka kumaliza siku moja ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Maumivu peke yake hayaelezi kila kitu, kwa sababu wapo mbwa wengi ambao hawajawahi kukatwa hadi kutoka damu na bado wanaogopa. Katika nyumba nyingi siku ya kukata kucha ni siku ya mieleka. Mmoja anabana kichwa, mwingine anakalia kiuno, wa tatu ana mkasi, wa nne anapiga kelele za kuelekeza. Nyayo za mbwa zina hisia kali, naye ni mnyama ambaye usalama wake hutegemea miguu. Kumshika mguu asiweze kuuondoa, huku watu wamemlalia, ni kumwambia kwa lugha anayoielewa kwamba amenaswa. Hata kama mkasi haukumgusa nyama, somo limeingia.

Namna somo hilo linavyoingia ilielezwa na Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Katika maabara yake ya St. Petersburg aliona kwamba mbwa walianza kudondosha mate kabla chakula hakijawafika mdomoni, kwa ishara tu iliyozoea kukitangulia. Watu wengi wanakijua kisa hicho na kukiishia kwenye mate. Lakini sheria ile ile hufanya kazi kwenye hofu. Droo inayofunguliwa, taulo linalotandikwa sakafuni, baba mwenye nyumba anayemwita mbwa kwa sauti ya upole isiyo ya kawaida yake: hayo yote huwa ishara zinazotangulia jambo baya. Baada ya mara chache mbwa hutetemeka droo ikilia tu, mkasi wenyewe haujatoka.

Afrika Mashariki tatizo hili lina sura yake. Mbwa wengi wa mijini hufugwa kwa ulinzi: mchana bandani, usiku uani. Anapewa ugali na mifupa, anasifiwa kwa ukali wake, na hakuna anayemgusa. Mkono wa binadamu humfikia katika nyakati chache tu, naye anazijua: siku ya sindano na siku ya kuogeshwa dawa ya kupe. Mbwa wa namna hiyo hana sababu ya kuamini kwamba mkono unaoinama kuelekea mguuni mwake umebeba heri. Pwani kuna sababu nyingine tena. Waislamu wengi wa huko hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate na majimaji ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi hukaa nje na huguswa kwa nadra. Kwa nyumba hizo ipo njia isiyohitaji kumshika mbwa kabisa, na itaelezwa hapa chini.

Kabla ya kuanza matibabu yoyote, mwenye mbwa anapaswa kujifunza kuiona hofu ikiwa bado changa. Mbwa haanzi kwa kung'ata. Anaanza kwa kujilamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso pembeni huku macho yakibaki kwako hadi weupe wake ukaonekana. Masikio hulala nyuma, mkia huingia kati ya miguu, mguu unaoguswa hurudishwa taratibu. Wengine huganda kimya kama sanamu, na watu husema, "Tazama, leo ametulia." Hajatulia. Huyo yuko karibu kung'ata kuliko anayejipindapinda. Kunguruma huja mwishoni, na ni onyo lenye faida kubwa. Anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma hamwondolei hofu. Anamfundisha asionye tena, na safari ijayo meno yatakuja bila salamu.

Njia ya Jones ilipangwa vizuri zaidi na Mwafrika Kusini, daktari Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915. Akiwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifanya kazi na paka waliotiwa hofu ndani ya tundu la maabara hadi wakagoma kula humo. Aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana na cha maabara, kisha katika chumba kinachofanana kidogo, kisha zaidi, mpaka wakala ndani ya tundu lile lile walilolikimbia. Kitabu chake cha mwaka 1958 kilizifikisha ngazi hizo kwa matabibu wa binadamu, nao wakazitumia kwa watu wanaoogopa nyoka, ndege na vyumba vya lifti. Wakufunzi wa mbwa wanafuata mpango huo huo: kupanga hofu ngazi kwa ngazi, kuanza na ngazi ambayo haimtishi mnyama hata kidogo, na kuiunganisha kila ngazi na kitu anachokipenda mno.

Kwa mbwa, kitu hicho karibu kila mara ni chakula, na kisiwe chakula cha kila siku. Dagaa mkavu asiye na chumvi aliyevunjwa vipande, ini lililochemshwa, nyama ya kuku isiyo na mifupa, yai la kuchemsha: chochote ambacho mbwa huyu angekiacha kila kitu akifuate. Vipande viwe vidogo, kiasi cha punje ya hindi, kwa sababu vitahitajika vingi. Vitunguu, zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwa mbwa na havifai kuguswa. Siagi ya karanga hupendwa sana, lakini kopo lisomwe kwanza. Baadhi yake hutiwa utamu wa zailitoli, ambao hata kidogo unaweza kumuua mbwa.

Kazi yenyewe huanza mbali na kucha. Chukua mbwa anayeondoa mguu ukimgusa tu chini ya kiwiko. Huyo anaanzia begani. Mkono unagusa bega kwa sekunde moja, unaondoka, na hapo hapo kipande cha ini kinatoka. Tena: gusa, ondoa, lisha. Baada ya dakika mbili au tatu, basi, kazi imeisha kwa siku hiyo, mbwa akiwa bado anataka zaidi. Kesho yake mkono unateremka kidogo. Bega, kiwiko, kifundo, unyayo, kidole, ukucha mmoja. Kisha kuushika mguu kwa sekunde moja, mbili, tano. Kila hatua hurudiwa mpaka mbwa aonyeshe ile dalili ambayo wakufunzi huisubiri: akiguswa, badala ya kukaza mwili, anageuza kichwa haraka kuutazama mkono wenye chakula. Hapo mguso umekuwa habari njema, na ngazi inayofuata inaweza kujaribiwa.

Mpangilio wa mambo hayo mawili una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mguso utangulie, chakula kifuate. Wengi hufanya kinyume: wanampa mbwa ini, na anapolitafuna wanaunyakua mguu. Kwa sheria ya Pavlov, anachojifunza mbwa huyo ni kwamba ini ni ishara ya kukamatwa, na baada ya siku chache atalikataa hata ini.

Mkasi una ngazi zake peke yake, zinazopandwa kando na za mguu. Unawekwa sakafuni, mbwa anaunusa, analishwa. Unashikwa mkononi, analishwa. Kisha sauti yake. Hapa wakufunzi wana hila moja nzuri: tambi kavu. Mkasi ukikata tambi hutoa mlio unaokaribiana na wa kukata ukucha, na pakiti moja ya tambi inatosha kumzoesha mbwa mlio huo mara mia bila kumgusa. Siku mguu umezoea na mkasi umezoewa, vyote viwili hukutanishwa: mkasi uliofungwa unagusa ukucha, chakula. Mkasi unauzunguka ukucha bila kukata, chakula. Halafu siku moja ncha ya ukucha mmoja inakatwa, milimita moja tu, chakula kinamwagika kwa wingi, na mkasi unarudi kwenye droo.

Ukucha mmoja kwa siku unatosha. Zikiwa 18, ndani ya wiki tatu zote zimepitiwa, na muda wa kurudia ya kwanza umefika. Mkasi uwe mkali, kwa maana butu huuponda ukucha kabla ya kuukata, na kule kupondwa huuma. Kwenye kucha nyeusi hukatwa vipande vyembamba vyembamba, mkataji akiangalia uso uliokatwa: katikati pakianza kuonekana kidoa cheusi chenye unyevu, nyama iko karibu, simama hapo.

Itachukua muda gani? Mbwa mmoja humaliza kwa siku chache, mwingine kwa miezi. Anayeamua mwendo ni mbwa. Akianza kupokea chakula kwa kunyakua kwa meno, au akikikataa, ngazi imepandwa mapema. Shuka mbili chini. Na wakati wote wa mazoezi asikatwe kucha kwa nguvu hata mara moja, kwa sababu siku moja ya mieleka, kama yule mbwa wa kwenye teksi, inaweza kufuta kazi ya mwezi.

Katika nyumba zetu kuna swali la nani afanye. Mara nyingi mwenye mbwa hurudi jioni amechoka, na anayemlisha mbwa ni mlinzi au msaidizi wa nyumbani. Huyo anayemlisha ndiye ambaye mbwa humwamini, na ndiye anayefaa kufundishwa njia hii. Alipwe kwa kazi hiyo ya ziada, na wote nyumbani wakubaliane kwamba hakuna atakayemshika mbwa mguu kwa utani au kwa kumtisha. Watoto waelezwe vivyo hivyo.

Mkufunzi Chirag Patel wa Uingereza ameueneza mchezo unaompa mbwa uamuzi zaidi. Ndoo ndogo yenye vipande vya chakula huwekwa mbele yake. Mbwa akiitazama ndoo, maana yake yuko tayari, na mkono unaendelea na kazi, huku akilishwa kila mara. Akiondoa macho kwenye ndoo, mkono husimama papo hapo. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza huonekana kama kumdekeza. Lakini mbwa anayejua kwamba anaweza kusimamisha jambo hana haja ya kung'ata ili lisimame, na wengi wao huvumilia mengi zaidi kuliko wanaposhikwa.

Anayedhani mambo haya ni ya Ulaya tu aende Morogoro. Hapo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu. Panya hao hawapigwi. Wangali wadogo huzoeshwa kushikwa na watu, kelele za magari na harufu ngeni, kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa "tak" unatangulia chakula, na juu ya msingi huo mdogo hujengwa kazi yote. Wanapotoka kwenda kazini juani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani, nao hutulia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Ikiwa panya wa jamii ya porini anaweza kufundishwa kuvumilia mikono ya watu kwa ndizi na karanga, mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hashindwi.

Bado wapo wanaoshikilia kwamba mbwa lazima ajue nani mkubwa, na kwamba kumlisha anapoogopa ni kumlea katika woga. Hoja hiyo haisimami. Hofu si tabia anayoichagua mbwa ili apate malipo. Ni hali ya mwili, moyo unaokimbia na misuli iliyokaza, na chakula kinachofuata jambo la kutisha huipunguza hali hiyo. Kuhusu adhabu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya kuwachunguza mbwa 92 wa majumbani waliokuwa wakifundishwa katika shule mbalimbali. Wale wa shule zilizotumia kuvuta mnyororo, kufoka na kukandamiza walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda baada ya somo. Walipopimwa baadaye mbali na shule, kwa bakuli lililowekwa mahali ambapo hakuna uhakika kama lina chakula, wale walioadhibiwa zaidi walilisogelea kwa mashaka zaidi. Adhabu ilikuwa imewafuata hadi nje ya darasa.

Sasa ile njia ya kutomgusa mbwa. Ni ubao wa msasa. Kipande cha mbao chenye upana wa kutosha nyayo mbili hubandikwa msasa, wa namba 80 hivi, unaopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ubao huegemezwa mshazari. Mbwa hufundishwa kwanza kuukanyaga, kisha kuukwaruza, kama anavyokwaruza ardhi, na kila mkwaruzo hulipwa kipande cha chakula kinachotupwa mbele yake. Anasaga kucha zake mwenyewe. Ubao unafaa zaidi kwa miguu ya mbele, na haufikii kidole gumba. Pia unahitaji uangalizi ili mbwa mwenye bidii asisage hadi kwenye nyama. Lakini kwa mbwa wa ulinzi asiyetaka kushikwa, au kwa mwenye nyumba asiyetaka kumshika, ni suluhisho la bei ndogo na la heshima kwa pande zote mbili.

Wakati mwingine hakuna nafasi ya kusubiri. Ukucha wa gumba umeshachoma nyama, au umepasuka na unatoka damu. Hapo mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo na kazi ifanywe akiwa amepewa dawa ya kumtuliza au ya usingizi. Zipo dawa za kumeza kama gabapentini na trazodoni ambazo daktari huagiza zitolewe nyumbani kabla ya safari, kwa kipimo cha uzito wa mbwa. Dawa za binadamu zilizo kabatini zisijaribiwe. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumdhuru vibaya. Na mbwa aliyekuwa akikubali kukatwa kucha kisha ghafla akaanza kukataa achunguzwe kwanza na daktari. Huenda kiungo kinamuuma, au shina la ukucha limeoza, na hakuna ngazi za chakula zitakazoponya hilo.

Mkono ukiteleza na damu ikatoka, bonyeza ncha ya ukucha kwa kitambaa safi. Unga wa kukatiza damu huuzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Ukikosekana, wanga laini wa mahindi ule wa kufanya mchuzi uwe mzito unasaidia. Mpe mbwa chakula chake kizuri, funga kazi kwa siku hiyo, na safari ijayo anza ngazi kadhaa nyuma. Kupiga kelele au kumkimbilia kwa fadhaa kutafanya tukio dogo liwe kubwa kichwani mwake.

Mkasi ukimuuma mbwa, mbwa naye anaweza kumuuma mtu, na kwa nchi zetu hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 95 kati yao wakiwa Afrika na Asia. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Mbwa asiye na chanjo apate chanjo kwanza, kucha zitasubiri. Kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu mbwa kupumua, kunywa na kupokea chakula, kinafaa kwa mbwa aliyewahi kuuma, nacho huzoeshwa kwa njia ile ile: pua inaingia, chakula kinatoka. Kumfunga mdomo kwa kamba kunamzuia kuhema kwa ulimi na kupoza mwili, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam ni hatari.

Gharama ya haya yote ingekuwa ndogo zaidi kama kazi ingeanza mapema. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi yao Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili za maisha yake mtoto wa mbwa huwa mwepesi mno kupokea mambo mapya bila kuogopa. Ni wiki hizo ambazo kwetu watoto wa mbwa huachwa bandani na mama yao mpaka mnunuzi aje. Wafugaji wanaouza mbwa wanaweza kubadilisha hilo bila kutumia hata shilingi ya ziada: mara moja kwa siku, wakati wa kuwalisha, wamguse kila mmoja nyayo zake nne, vidole vyake, masikio yake na mdomo wake, kisha wampe chakula. Mnunuzi naye, kabla ya kuuliza bei na ukali wa mama yake, amshike mtoto huyo mguu aone anafanya nini. Na aliye na mbwa mkubwa ambaye tayari amekwisha kumuuma mtu kwa ajili ya kucha, tafadhali, ampigie simu daktari wa mifugo kabla hajamwita jirani aje kumsaidia kumshika.